Madeleine na Karatasi ya Matanga ya Didier

Madeleine alikuwa na mdomo, hilo hakuna mtu wa mtaa wetu wa Bigo, hapa Bunia, atakayelikataa. Ukifika kwenye secrétariat public ya Fabien, pale pa kuandikishia na kuchapishia watu barua, na karatasi yako imekunjwa ovyo, atakusema. Ukisitasita kutaja jina la mtoto wako mwenyewe, atakusema. Mama mmoja alikuja kuandikisha barua ya kuomba kazi, akataja umri wake, Madeleine akamtazama toka kitambaa cha kichwa hadi ndala, akamwuliza: "Mama, hii miaka ni ya weye ao ni ya binti yako?" Waliokuwa kwenye benchi wakacheka, mama naye akacheka kwa aibu, barua ikaandikwa. Na iliandikwa vizuri, ndio ubaya wenyewe. Vidole vyake vilikimbia juu ya vitufe vya clavier kama mvua juu ya bati, na kosa hulioni. Watu walivumilia ulimi kwa ajili ya vidole.

Alitoka vijiji vya Djugu, pamoja na wale waliokimbia na magodoro kichwani wakati nyumba zinawaka nyuma yao. Baba yake alibaki kule, na hakuna aliyerudi kumwonyesha kaburi. Bunia aliingia na kikwembe kimoja na miguu imevimba. Alikuwa amekaa mbele ya kanisa, mvua inamnyeshea, watu wanapita kwenda ibadani na kumruka kama dimbwi, hadi Régine aliposimama mbele yake. "Inuka, twende," Régine akasema. Hakumwuliza kabila, hakumwuliza jina. Alimpa mkeka nyumbani mwake, akampa uji, akampeleka kwenye mafunzo ya ordinateur, yaani kompyuta, ya parokia, kisha akaenda mwenyewe kwa Fabien kumwombea kazi. "Huyu mutoto iko na akili, patro. Umujaribu tu." Kila tonge alilokula Madeleine hapa mjini lilipita kwanza mkononi mwa Régine. Liwekeni hilo kichwani.

Régine mwenyewe alikuwa mke wa Didier, dereva wa lori la njia ya machimbo ya dhahabu. Mke wa kwanza wa Didier alikufa akaacha watoto, sasa ni watu wazima. Régine hakumzalia. Kwa ndugu za Didier, mwanamke asiyezaa ni mgeni aliyechelewa kuaga. Didier alipokuwa hai hakuna aliyethubutu kulisema, maana Didier alikuwa na sauti na alikuwa na mkono. Alikuwa pia na nyumba ya matofali ya kuchoma, bati jipya, na parcelle, kiwanja kipana chenye migomba. Mdogo wake, Marcellin, alikuwa anapita pale kusalimia, na macho yake yalisalimia bati kabla ya kusalimia watu.

Sasa tuje kwenye mashini, ile ordinateur ya kazini.

Mashini ya Fabien ilitumia système ya bure, ile ya Linux, iliyowekwa na fundi mmoja kabla hajahamia Kisangani. Uzuri wake ni kwamba wateja walileta clé zao za kubebea mafaili zimejaa virusi na mashini haikuugua. Ubaya wake ni kwamba ikianza vituko vyake, unazunguka Bunia nzima unatafuta mtu wa kuielewa na humpati. Asubuhi moja, baada ya mise à jour, ile ya kuingiza matoleo mapya ya programu, ikaamka imevaa nguo mbili. Dirisha la mafaili jeusi, dirisha la picha jeupe. Programu ya scanner ilikuwa na vifungo vya duara, ya hesabu vifungo vya pembe, herufi huku kubwa kule ndogo. Programu ya kuandikia, ile ya kazi yenyewe, ilikuwa nyeusi ti, hata ukurasa wake.

Fabien alichukia. Ni mtu wa kupiga pasi hata soksi. "Ba-client bakiona hii, batasema niliokota mashini kwa vipande vipande," alisema. "Urudishe yote sura moja, Madeleine. Sura moja."

Na tuseme ukweli, Madeleine alitafuta. Aliingia mahali pa Apparence, akachagua Clair. Dirisha la mafaili likatii palepale, likawa jeupe. La scanner likakataa. Akazima mashini, akawasha: lilelile. Alichagua tena Sombre, akachagua tena Clair, huku anaangalia nani anabadilika na nani anabaki, na kwa njia hiyo akaelewa kwamba ndani ya mashini mlikuwa na familia mbili. Programu hizi zimejengwa kwa vifaa vya fundi huyu, zile kwa vifaa vya fundi yule, na kila familia inaomba nguo kwa chifu wake. Amri aliyoitoa ilifika kwa chifu mmoja tu. Basi akatafuta mlango wa chifu wa pili, akaupata, akatoa amri ileile kule pia, na ile ya scanner ikakubali.

Kulikuwa bado na programu chache za aina ya tatu, zile zinazokuja zimefungiwa na kila kitu chao, kama samaki wa mkebe. Hizo hazikuona rangi ya nyumba zilimoingia. Madeleine akashusha nguo zao kwenye internet, akaziingiza ndani ya mkebe, moja baada ya nyingine zikawa nyeupe. Fabien akapita nyuma yake, akasema, "Ah." Kwa Fabien hiyo ni sifa kubwa.

Ikabaki programu ya kuandikia. Pembezoni ilikubali kuwa nyeupe, vifungo vikakubali, lakini ukurasa ulibaki mweusi kama ubao wa shule. Na mfano wa faire-part, ile karatasi ya kutangaza msiba, ambao Madeleine alitumia kwa matanga yote ya mtaa ulikuwa na herufi zilizoamriwa tangu zamani kuwa nyeusi. Nyeusi juu ya nyeusi, utasoma nini? Alitafuta, wateja wakajaa kwenye benchi, wakaanza kunung'unika, ndipo akabuni ujanja. Anapaka maandishi rangi nyeupe, anaandika kwa raha zake, na kabla ya kuchapa anapiga clavier pigo moja la kushika maandishi yote, anayarudisha nyeusi. Kwenye kioo yanazama, kwenye karatasi yanatoka safi.

"Ile moja bado," Fabien alimkumbusha.

"Ile nimeisha kuizoea, patro. Kazi inatoka ao haitoki?"

Kazi ilitoka. Na zaidi ya hapo, hakuna mwingine aliyeweza kuikalia ile mashini. Mpwa wa Fabien alijaribu siku moja, akaandika nusu ukurasa bila kuona neno, akainuka. Madeleine akamcheka hadi machozi. Aliona huo ni usalama wake, kwamba mashini inamjua yeye peke yake. Akaacha kutafuta. Kiburi, hakina jina lingine.

Kisha Didier akafa. Si risasi, si lori. Tumbo tu, alilala hospitalini akakauka.

Marcellin alishika matanga kwa mikono yote miwili. Nani apike, nani alale wapi, maturubai yafungwe wapi, yote yeye. Na ndiye aliyekuja kwa Madeleine kuandikisha faire-part. Huku, siku ya mazishi, katekista anaisoma ile karatasi kwa sauti mbele ya jeneza, na anayetajwa anainuka, anakwenda kusimama upande wa marehemu. Siku ya kumaliza matanga, familia ikikaa kusema habari ya nyumba na vitu, waliosimama ndio wenye mdomo. Asiyetajwa alikuja kulia tu, kama majirani wengine.

Marcellin alitaja watoto, akataja ndugu, wajomba, mashangazi, hadi binamu aliyeko Kampala ambaye hata hakutuma salamu. Akaishia hapo.

"Na muke?" Madeleine akauliza.

"Muke gani?"

Mzee Evariste, baba yao mkubwa, alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake, na yeye ndiye aliyejibu. "Muke ya Didier ni Régine, na weye unajua. Umuweke."

Marcellin akang'ata mdomo. Mbele ya baba mkubwa hakuna ubishi. "Basi umuweke kule chini, kama kunabaki nafasi."

Nafasi haikubaki, safu zilikuwa zimejaa. Madeleine akatengeneza cadre, kisanduku kidogo peke yake chini ya ukurasa, na ndani yake akaandika: Mjane wake mpendwa, Régine. Akachagua herufi nzuri kuliko zote, kubwa kuliko zile za Marcellin, kwa makusudi. Nyeupe, ili azione. Alifurahi sana. Aliona kwamba leo na yeye amemfanyia Régine kitu.

Akapiga lile pigo lake, akarudisha maandishi nyeusi. Lakini pigo lile linashika maandishi ya ukurasa. Yaliyo ndani ya cadre haliyafikii, hayo unayashika peke yake. Kwenye kioo watoto wakazama gizani, ndugu wakazama, Marcellin akazama, na jina la Régine likabaki peke yake linang'aa. Madeleine aliliona. Angepaswa kujiuliza kwa nini hili halikuzama na mengine. Yeye alitabasamu, akaona limependeza.

"Chapa, Mama, maiti inangoja," Marcellin alisema, anapiga meza kwa funguo za pikipiki.

Akachapa. Karatasi ya kwanza ilipotoka aliangalia picha ya Didier, kama wino haukumchafua uso. Uso ulikuwa safi. Chini palikuwa peupe, na peupe pa karatasi nani anapatazama? Alifunga rundo kwa mpira, akampa. Jioni akaenda kwa Régine, akachuchumaa kando ya mkeka wake, akamnong'oneza, kama mtu na dada yake mkubwa: "Yaya, uko ndani. Utasikia."

Kwa hiyo siku ya mazishi Régine alikuwa tayari. Alikuwa amekaza kikwembe, amefuta uso. Katekista alisoma watoto, wakasimama. Alisoma ndugu, wakasimama. Alipofika kwa binamu wa Kampala, Régine akajua mwisho umekaribia, akaweka mkono chini, akaanza kuinuka. Katekista akasema, "Na majirani wote. Tuombe."

Alibaki vilevile, nusu amesimama, nusu ameinama, mbele ya umati wote ule. Kisha akarudi chini polepole. Wanawake waliokuwa karibu naye wakaangalia pembeni, na mmoja akasogeza mkeka wake kidogo.

"Simamisha," Mzee Evariste akasema. "Jina ya muke iko wapi?"

Katekista akaigeuza karatasi mbele na nyuma. "Haiko, muzee."

Marcellin naye aliigeuza yake, na Madeleine aliyekuwa anamtazama aliona kwamba hata yeye alishangaa. Kisha aliona ule mshangao unageuka kuwa utamu. "Baba mukubwa, uliniambia nimuweke, nikataja jina, na weye ulikuwa pale," alisema Marcellin, na sauti yake ilikuwa na upole wa mtu aliyeokota kitu barabarani. "Mwenye kuandika ni Madeleine. Mutoto mwenye Régine aliokota, akamulisha, akamuvalisha. Kama huyo amekataa kumuandika, siye tutasema nini? Bazee balisema, kikulacho ki nguoni mwako."

Madeleine akasimama. "Niliandika. Jina iko pale kwa karatasi. Ni vile iko nyeupe, na karatasi nayo iko nyeupe, basi haionekane."

Alijisikia mwenyewe jinsi ilivyosikika. Vijana waliokuwa nyuma wakacheka kwanza. Kisha sauti ya mwanamke, hatujui nani, au tunajua na tunanyamaza, ikasema: "Iko pale lakini haionekane. Sawa ule mutoto mwenye alimuzalia Didier."

Walicheka. Mbele ya jeneza, watu waliokula sombe na mchele wa Régine miaka yote ile, walicheka, wengine wanaziba mdomo kwa kikwembe ili katekista asiwaone. Mzee Evariste akagonga fimbo chini, lakini ni mzee, na jua lilikuwa kali, na wabebaji walikuwa wamekwisha kuinama. Jeneza likainuliwa. Régine alifuata nyuma, pamoja na majirani.

Makaburini Madeleine alimkaribia. Régine hakupiga kelele. Alimtazama tu na kumwuliza, "Balikupa nini?"

Asubuhi yake aliingia kazini kabla ya Fabien, akaikalia mashini kwa hasira. Safari hii hakwenda kwenye Apparence ya système. Alifungua mambo ya programu yenyewe, akashuka, akafungua ukurasa wa rangi, na pale pakawa pameandikwa kwamba ukurasa wa kuandikia uchague rangi yake wenyewe. Sehemu ya kubadilisha ilikuwa inasubiri hapo tangu siku ya kwanza. Akaamuru nyeupe. Mbonyezo mmoja, na ukurasa mweusi ukawa karatasi. Faire-part ya Didier ilisimama mbele yake kama watu walivyoishika mikononi: picha, safu za majina, na chini utupu. Akabonyeza ndani ya ule utupu, akaupaka nyeusi, jina la Régine likatoka. Akalia pale kwenye kiti, kwa sauti, na wateja walioanza kufika wakadhani amefiwa.

Alipeleka karatasi mpya kwa Mzee Evariste. Mzee aliisoma kwa kidole, taratibu, hadi chini. "Ni kweli, mwana. Uliandika."

"Basi useme, muzee. Uwaite."

"Nitasema nini? Batu balisikia kwa masikio yao. Maji yakimwagika hayazoleki." Akafikiri. Alikuwa mtu wa haki, lakini haki ya wazee hupenda kusimama juu ya kitu. "Ila misa ya arobaini itakuwa na karatasi yake, nayo itasomwa mbele ya familia ileile. Kama jina iko ndani, na Marcellin ndiye ameleta ile karatasi mwenyewe, nitasimama, na hakuna mwenye atanikalisha. Kama haiko, nyumba imekwenda. Mimi sina nguvu ya kupigana na karatasi mbili."

Siku ya kumaliza matanga familia ilikaa, Régine akaambiwa abebe sufuria zake. Marcellin alikuwa ameshaleta mpangaji, aliyesimama getini na kitanda chake akingoja mjane atoke. Madeleine alimkimbilia Régine barabarani, pikipiki tayari imewaka kwenda Bogoro, kwa kaka yake mkulima. Alimpa ile karatasi yenye jina. Akamweleza habari ya misa ya arobaini. "Yaya, urudi siku ile. Karatasi itapita kwangu. Nakuapia."

Régine aliishika karatasi, akaitazama, akamrudishia. "Jina yangu naijua, Madeleine. Haikuwa mimi mwenye kuisoma." Halafu, wakati dereva anaanza kuondoka, akageuka. "Nitakuja."

Mambo ya mashini yakawa mazuri. Kila dirisha sura moja, herufi moja, vifungo vya aina moja. Fabien aliwaita hata wauza duka wa jirani waje kuona. Mpwa wake akakaa siku moja kuandika attestation, cheti cha mteja, na safari hii aliona kila neno, akamaliza, akachapa. Polepole, na makosa mawili matatu, lakini akachapa. Madeleine hakucheka.

Siku za misa zilipokaribia, Marcellin akaja. Amenenepa kidogo, shati jipya. Alitaka karatasi ileile ya matanga, abadilishiwe tu maneno ya juu yawe ya misa. Madeleine akaifungua. Alibadilisha ya juu, akafanya haraka, akatumaini mtu huyu ataangalia picha tu kama watu wote. Lakini ukurasa sasa ulikuwa mweupe na wazi, hata mtu aliyesimama mlangoni angeusoma. Marcellin akainama juu ya bega lake.

"Na hii ya chini ni nini?"

"Ni muke ya Didier. Baba mukubwa alisema."

"Baba mukubwa alisema kwa ile ya kwanza. Hii ni yangu. Toa."

Madeleine hakutoa. Alifungua ule mdomo wake, ule ambao mtaa mzima uliuogopa, akasema, "Papa Marcellin, huyu mama alimuosha ndugu yako hospitalini mpaka siku ya mwisho. Weye ulikuwa wapi?"

Marcellin alimgeukia Fabien aliyekuwa anakunja karatasi mezani kwake. "Patro, hapa kwako ni mwenye kuandika ndiye anachagua ndugu za batu?"

Fabien aliinuka, akaja, akasimama nyuma ya kiti. Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa afadhali. "Madeleine, client amesema. Zamani nilikuvumilia kwa sababu hii mashini ilikuwa yako peke yako. Sasa umeisha kuitengeneza, iko sawa, hata huyu mutoto wa dada yangu anaiweza. Unataka nimuite?"

Mpwa alikuwa pale, ameegemea ukuta, anaangalia simu yake. Aliposikia akainua kichwa.

Madeleine aliwaza chumba chake. Aliwaza mahema ya wakimbizi, matope yake, foleni yake ya maji, na wanawake wa Djugu waliozeeka pale ndani wakiwa bado vijana. Aliwaza pia Régine kule Bogoro, lakini kwa muda mfupi. Akaupeleka mkono kwenye souris, kile kipanya, akaishika cadre, akabonyeza, na jina likaondoka. Hapakubaki hata alama mahali lilipokuwa.

"Sasa iko propre, iko safi," Marcellin akasema.

Madeleine akamwuliza anataka nakala ngapi.